Stesheni ya Kigoma na Shaba ya Katanga

Katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20, Katanga ilitawaliwa kutoka Lukafu, kituo kilichokuwa chini ya nyanda za juu za Kundelungu, kaskazini mwa mahali ambapo baadaye pangejengwa Lubumbashi. Huko ndiko ilikokaa Kamati Maalumu ya Katanga, yaani chombo kilichoundwa mwaka 1900 ili kusimamia kwa pamoja ardhi, madini na utawala wa eneo hilo lote. Lukafu haikuwa na reli, na kila kilichoingia au kutoka, kuanzia karatasi za ofisi hadi risasi za askari, kilifika kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Mnamo Septemba 1910 garimoshi la kwanza kutoka kusini liliwasili karibu na machimbo ya Étoile, na mji mpya wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ukapimwa na kugawanywa viwanja palepale reli ilipokutana na shaba. Makao ya utawala yakahamia huko, na Lukafu ikabaki pembeni ya historia ambayo yenyewe ilikuwa imeianzisha.

Kuhama huko kunaeleza jambo ambalo wasomaji wa historia ya Kongo hulipita haraka mno: shaba ya Katanga haikuwa na bahari, na kwa sababu hiyo thamani yake ilitegemea njia ya kuifikisha pwani kuliko ilivyotegemea wingi wake ardhini. Mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yakigawana Afrika yalilijua hilo vizuri, na kila moja lilijitahidi kuivuta shaba hiyo ipite katika bandari zake. Waingereza walikuja na reli kutoka kusini, Wareno wakakubali reli ipite Angola, Wabelgiji wakataka njia inayopita ndani ya ardhi waliyoitawala wenyewe, na Wajerumani wakasukuma reli yao kutoka Dar es Salaam hadi ukingo wa Ziwa Tanganyika. Jitihada hiyo ya Wajerumani iliacha alama ambayo bado imesimama, nayo ni jengo la stesheni ya Kigoma, ambalo kwa ukubwa na umbo lake halifanani na mji mdogo uliokuwapo lilipojengwa. Sura hii inashikilia kwamba jengo hilo haliwezi kueleweka kwa kuitazama Kigoma peke yake. Lilijengwa kwa kutazamia mali ya ng'ambo ya ziwa, na historia yake ni sehemu ya historia ya Katanga kama ilivyo sehemu ya historia ya Tanzania.

Njia ambayo Wajerumani waliifuata haikuwa ngeni. Karne nzima kabla ya reli, misafara ilikuwa ikitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikapumzika Tabora katika nchi ya Wanyamwezi, kisha ikashuka hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, mji ambako Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Wanyamwezi hawakuwa wapagazi wa biashara hiyo tu. Walikuwa wafanyabiashara kwa haki yao wenyewe, na baadhi yao walikwenda mbali kutafuta shaba na pembe za ndovu. Msiri, aliyejijengea dola ya Wayeke huko Bunkeya na kuitawala sehemu kubwa ya Katanga hadi alipouawa mwezi Desemba 1891, asili yake ilikuwa katika nchi hizohizo za magharibi mwa Tabora. Kwa hiyo shaba ya Katanga ilikuwa imekwisha kujulikana Tabora, na watu wa Tabora walikuwa wamekwisha kujulikana Katanga, muda mrefu kabla mhandisi yeyote wa Kijerumani hajachora mstari kwenye ramani. Inafaa hili lisemwe wazi, kwa kuwa vitabu vingi vya reli huanza na makampuni na kuwasahau waliokanyaga njia kwanza.

Ujenzi wa Reli ya Kati, kama inavyoitwa hadi leo, ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, ikapita Uvinza, mahali panapojulikana kwa chumvi inayochemshwa kutoka kwenye chemchemi zake, na tarehe 1 Februari 1914 ikafika Kigoma baada ya mwendo wa takriban kilomita 1,250. Kazi ya kulaza mataruma, yaani vipande vinavyolazwa chini kwa mapana ili kuzibeba reli, pamoja na kukata vilima na kujenga tuta katika mabonde ya Malagarasi, ilifanywa na maelfu ya vibarua Waafrika, wengi wao wakiwa Wanyamwezi na watu wa makabila jirani. Reli hiyo ikawa inazimaliza kazi za upagazi ambazo baba zao walikuwa wameziishi, na wao ndio walioijenga.

Swali la kwanza ambalo mgeni wa historia hii hujiuliza ni kwa nini reli haikuishia Ujiji, mji wa kale uliokuwa na misikiti, masoko na jina lililojulikana hadi Unguja. Jibu liko majini. Ujiji iko kwenye ufuko ulio wazi na wenye maji mafupi, na tangu miaka ya 1870, ziwa lilipopata mlango wake wa kutokea magharibi katika mto Lukuga, maji yalikuwa yamepungua na kuuacha ufuko huo mbali zaidi na kina. Kigoma, kilomita chache kaskazini, ina ghuba iliyojikunja na yenye kina cha kutosha kwa meli kubwa kukaribia gati. Wajerumani hawakuwa wakitafuta mji wa kuuhudumia. Walitafuta bandari ya kuhamishia shehena kati ya meli na behewa, nao walikuwa tayari kujenga kila kitu upya mahali palipowafaa.

Hapo ndipo umbo la stesheni linapoanza kuwa na maana. Stesheni nyingi za reli ya mkoloni katika Afrika Mashariki zilikuwa vijengo vya bati na mbao, chumba kimoja cha mkuu wa stesheni, dirisha la tiketi na kibaraza cha abiria, kwa sababu kampuni za reli zilihesabu kila senti na zilijua kwamba garimoshi lingepita hapo mara chache kwa juma. Stesheni ya Kigoma ni jengo kubwa la ghorofa lenye kuta nyeupe, lililosimama upande wa chini wa mji, pale barabara kuu inayoshuka kutoka mlimani inapokomea karibu na bandari, kiasi kwamba anayeshuka kutoka sehemu za juu hulikabili mbele yake. Kilicho cha pekee zaidi ni matao yake. Tao ni sehemu ya ukuta iliyojengwa kwa mviringo wa nusu duara juu ya uwazi, ambayo hupokea uzito wa ukuta ulio juu yake na kuugawa pande mbili hadi kwenye nguzo, hivyo kwamba uwazi mpana unaweza kuachwa bila boriti ndefu. Huko Kigoma matao hayo yamepangwa kwa safu mbele ya jengo, na nyuma ya safu hizo zimekaa baraza pana ambazo hutenganisha vyumba na jua.

Mpangilio huo si pambo tu. Ukuta unaopigwa na jua moja kwa moja hukusanya joto mchana kutwa na kulitoa usiku, wakati ambapo watu wa ndani wanataka kulala, ilhali ukuta uliofichwa nyuma ya baraza hubaki kivulini na hewa hupita kati yake na matao. Mvua za Kigoma, ambazo huja na upepo wa ziwa, huishia kwenye baraza badala ya kugonga milango na madirisha. Abiria anayengoja garimoshi lililochelewa, jambo ambalo halijawahi kuwa nadra katika reli hiyo, hupata kivuli bila kuingia ndani ya ofisi. Wajenzi wa Kijerumani walikuwa wamejifunza hayo katika majengo yao ya Dar es Salaam, ambako walichanganya ukubwa na mpangilio wa majengo ya serikali ya kwao na matao, baraza na kuta nyeupe za pwani ya Waswahili na Waarabu. Kinachoshangaza ni kwamba mchanganyiko huo wa pwani uliletwa hadi mwisho wa reli, ukingoni mwa ziwa, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini, na ukasimamishwa mahali ambapo kabla yake palikuwa na kijiji cha wavuvi.

Hata hivyo, hali ya hewa haielezi ukubwa. Kivuli kinaweza kupatikana kwa baraza ndogo. Ukubwa unaelezwa na matumaini, na matumaini hayo yalielekezwa Kongo. Mwaka 1911, Ujerumani na Ufaransa zilipofikia makubaliano kuhusu Moroko, Ujerumani ilipewa vipande vya ardhi ya Ufaransa vilivyoupa himaya yake ya Kamerun njia ya kufika kwenye mto Kongo, na katika miaka hiyohiyo wanasiasa wa Berlin walizungumza waziwazi kuhusu himaya moja ya Kijerumani ambayo ingevuka Afrika ya kati kutoka bahari hadi bahari. Wafanyabiashara wa Dar es Salaam kwa upande wao walikuwa wakipiga hesabu za biashara ya mashariki mwa Kongo. Stesheni yenye baraza za ghorofa ilikuwa tangazo kwa Wabelgiji wa upande wa pili kwamba njia iliyo bora ya kufika Bahari ya Hindi ilikuwa tayari. Maonyesho makubwa ya kusherehekea kukamilika kwa reli yalipangwa kufanyika Dar es Salaam mwezi Agosti 1914. Vita vikaanza mwezi huohuo, na maonyesho hayakufanyika.

Mzigo mashuhuri kuliko yote uliowahi kufikishwa Kigoma kwa reli katika miezi hiyo ulikuwa meli nzima. Meli ya Goetzen ilijengwa Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, na kiwanda cha Meyer, kisha ikafunguliwa kipande kwa kipande na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000 yaliyosafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi ziwani. Mafundi watatu kutoka kiwandani, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliifuata na kuiunganisha upya wakisaidiwa na wafanyakazi wengi Waafrika, ambao waligongomea misumari ya chuma, aina inayopondwa ikiwa moto ili ishike mabamba mawili pamoja, mmoja baada ya mwingine. Meli hiyo, yenye urefu wa takriban mita 70, ilishushwa majini Februari 1915. Kuunganishwa kwake kunaonyesha vizuri kuliko hati yoyote kazi iliyokusudiwa kwa Kigoma, kwa maana reli, stesheni, gati na meli vilikuwa viungo vya mpango mmoja ambao ncha yake ilikuwa ufuko wa Kongo.

Upande huo wa pili Wabelgiji nao hawakukaa bure. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyoanzishwa na Édouard Empain mwaka 1902 na kujulikana kwa herufi CFL, ilijenga reli kutoka Kabalo kwenye mto Lualaba hadi Albertville, yaani Kalemie ya leo, na ikaufikia ukingo wa ziwa mwaka 1915. Hivyo reli mbili zilikuwa zikitazamana kuvuka maji, moja ya Wajerumani na nyingine ya Wabelgiji, na vita vikiwa katikati. Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji zinazotua majini ziliishambulia bandari ya Kigoma kwa mabomu, zikiitafuta Goetzen, na mwishoni mwa Julai Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, baada ya kuipaka injini mafuta mazito ili isiharibiwe na maji, wakarudi nyuma kwa reli kuelekea Tabora. Majeshi ya Kongo yakaingia Kigoma tarehe 28 Julai 1916. Askari wa jeshi hilo walikuwa Wakongo chini ya maofisa Wabelgiji. Stesheni iliyojengwa ili kuivuta mali ya Kongo ikawa mikononi mwa watu waliotoka Kongo, nao waliikalia Kigoma hadi mwaka 1921.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika, Ubelgiji haikukubali kuondoka mikono mitupu. Mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji uliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari huko Kigoma na Dar es Salaam kwa ukodishaji wa kudumu, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ambako bidhaa za Kongo, Rwanda na Burundi zingepita bila kutozwa ushuru wa forodha wa Tanganyika. Maeneo hayo yalikuja kuitwa Belbase. Kwa miaka arobaini shehena iliyotoka Albertville ilishushwa katika gati lililo la Kibelgiji kwa sheria, ikapakiwa kwenye mabehewa ya reli ya Kiingereza na kupita mbele ya stesheni ya Kijerumani. Hivyo alama za tawala tatu za kikoloni zilibanana katika eneo dogo. Mwishoni mwa mwaka 1961, siku chache kabla ya uhuru, Julius Nyerere alilieleza Bunge la Tanganyika kwamba nchi huru isingeweza kufungwa na ukodishaji wa milele uliotolewa na dola iliyokuwa msimamizi wa muda tu. Hoja hiyo, iliyozaliwa kutokana na vipande viwili vya ardhi vya bandari, husomwa hadi leo na wanafunzi wa sheria ya kimataifa wanaochunguza kama mataifa mapya yanarithi mikataba ya wakoloni.

Lakini je, shaba ilikuja? Kiasi fulani kilipita Kigoma, ila mto mkubwa wa shaba ambao Wajerumani waliutazamia haukufika, na sababu yake ni rahisi kuieleza kwa yeyote aliyewahi kupakia na kupakua mzigo. Mzigo uliotoka Elisabethville kuelekea Dar es Salaam ulikwenda kwa reli hadi Bukama, ambako reli ilifika mwaka 1918. Hapo ulishushwa na kupakiwa kwenye mashua za mto Lualaba hadi Kabalo. Kabalo ukapandishwa tena kwenye mabehewa hadi Albertville. Albertville ukaingizwa melini. Kigoma ukarudishwa kwenye mabehewa. Na Dar es Salaam ukahamishiwa kwenye meli ya bahari. Kila kituo kilihitaji makuli, maghala, karani na siku kadhaa za kungoja. Kinyume chake, behewa lililopakiwa Elisabethville lingeweza kwenda hadi Beira, pwani ya Msumbiji, bila mzigo kuguswa hata mara moja, kwa kuwa njia yote hiyo ilitumia geji moja. Geji ni umbali kati ya pau mbili za reli: ile ya kusini ilikuwa milimita 1,067, na ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma ilikuwa milimita 1,000. Tofauti hiyo ya milimita 67, isiyozidi upana wa vidole vinne, ilitosha kuzuia behewa la Katanga lisitembee Tanganyika hata kama lingevushwa ziwa kwa meli.

Njia nyingine zikazidi kuiacha Kigoma nyuma. Reli ya kutoka Bukama hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, ilikamilika mwaka 1928 na kuwapa Wabelgiji njia yao wenyewe kupitia mto Kasai hadi Matadi. Reli ya Benguela kupitia Angola ikaunganishwa na Katanga mwaka 1931. Reli ya Kabalo hadi Albertville ilipobadilishwa geji na kuunganishwa na Kamina katikati ya miaka ya 1950, Katanga hatimaye ikapata reli isiyokatika hadi ukingo wa Ziwa Tanganyika. Wakati huo desturi za biashara zilikuwa zimekwisha kujengeka kwingine, na miaka michache baadaye uhuru wa Kongo ulifuatiwa na vita vya kujitenga kwa Katanga vilivyovuruga reli zote za mashariki. Reli ya Tazara, iliyofunguliwa katika miaka ya 1970 kwa geji ya milimita 1,067 kutoka Kapiri Mposhi nchini Zambia hadi Dar es Salaam, ndiyo iliyofanya kile ambacho stesheni ya Kigoma ilijengewa, yaani kuiunganisha nchi ya shaba na Dar es Salaam kwa reli moja, na iliipita Kigoma mbali upande wa kusini.

Stesheni haikubaki bila kazi kwa sababu hiyo. Goetzen iliibuliwa kutoka majini mwaka 1924 na kurudishwa kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na tangu hapo abiria wa ziwa na abiria wa reli wamekutana Kigoma: wachuuzi wa dagaa na mawese, wanafunzi, wafanyabiashara wa Kalemie, Uvira na Bujumbura, na katika miaka ya machafuko, wakimbizi kutoka Burundi na Kongo ambao kwa wengi wao bandari hiyo na reli hiyo zilikuwa mwanzo wa usalama. Ubora wa kweli wa jengo umeonekana katika kuwahudumia watu hao kuliko katika kungojea madini. Baraza zile pana, zilizokusudiwa kumvutia mfanyabiashara wa Kizungu, zimewafaa zaidi akina mama wenye mizigo na watoto wanaongoja safari ya usiku.

Sasa reli yenyewe inabadilika. Desemba 2022 Tanzania ilitia sahihi mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya geji ya milimita 1,435 kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, na makusudio yaliyotangazwa ni yaleyale ya mwaka 1914, yaani kuufikia mzigo wa Kongo na wa nchi jirani. Reli mpya huja na stesheni mpya, na katika nchi nyingi stesheni ya zamani huachwa iporomoke mara treni inapoacha kusimama hapo. Jengo la Kigoma halistahili hatima hiyo. Linaweza kuwa jumba la makumbusho la ziwa, la reli na la misafara iliyotangulia reli, na makumbusho hayo hayatakamilika bila sauti na vitu vya Katanga. Lubumbashi ina makao makuu ya shirika la reli la Kongo, SNCC, na ina Makumbusho ya Taifa yenye wataalamu wa historia ya shaba na ya Wayeke. Wahifadhi wa Kigoma na wa Lubumbashi wanapaswa kuanza mazungumzo sasa, wakati paa bado liko juu ya kuta na wazee waliofanya kazi katika reli za pande zote mbili za ziwa bado wapo wa kuulizwa.